Masafa Yakipanda, Masafa Hupungua: Uhakiki wa Istilahi za Uchakataji wa Ishara kwa Mfano wa Kingolwira, Morogoro

Utangulizi

Kingolwira ni kata ya Manispaa ya Morogoro iliyoko mashariki mwa mji, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Upande wa kusini imesimama milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyozidi meta 2,600. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, inapita katika kata hiyo. Njia ya umeme ya kilovolti 220 iliyovutwa kutoka Kinyerezi kwa ajili ya treni za reli mpya inafika hapo hapo. Mwanafunzi wa uchakataji wa ishara akisimama Kingolwira hana haja ya kuagiza mifano ng'ambo. Ishara ya reli iko mbele yake, redio na simu zimo mikononi mwa wapita njia, mlima unarudisha mawimbi, na waya za umeme zinavuma juu ya kichwa chake.

Mwanafunzi huyo, hata hivyo, hufundishwa mambo hayo kwa Kiingereza. Ndivyo ilivyo katika Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Kijitonyama. Ndivyo ilivyo pia Dodoma na katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote. Jibu la kawaida dhidi ya tamko hilo ni kwamba lugha haina istilahi za kutosha. Uhakiki huu unalipinga jibu hilo kwa sababu ambayo haiwafurahishi hata watetezi wa Kiswahili. Katika taaluma hii istilahi zipo, tena za kutosha kuanzia kazi. Kasoro iko katika maneno machache yaliyo katikati ya taaluma yenyewe, ambayo yamebebeshwa dhana zinazokinzana na kuachwa hivyo.

Tathmini za istilahi katika tasnifu za Kiswahili zina mazoea yake. Hutajwa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992), kisha vigezo vya Kiingi vinavyojulikana kwa jina la PEGITOSCA, halafu hufuata jedwali: kila neno limepangiwa mstari wake, na kila kigezo kimewekewa alama ya vyema au ya mkasi. Jedwali hilo hupima neno moja moja. Neno linaweza kufuzu kwa uangavu, iktisadi na ukubalifu likiwa peke yake, kisha likaangusha sentensi nzima linapokutana na jirani zake. Kwa hiyo uhakiki huu unapima istilahi ndani ya sentensi ambazo mwanafunzi wa uzamili hawezi kuziepuka.

Ishara na wimbi

Katika reli ya zamani ishara ni kitu cha kuonwa kwa macho: bendera, taa, au mkono wa chuma unaoinuka na kushuka kando ya njia. Katika reli mpya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, dereva hupokea ruhusa ya kwenda kwenye kioo kilicho mbele yake, kwa njia ya redio, kwa kufuata mfumo wa Ulaya wa udhibiti wa treni wa ngazi ya pili. Neno ishara limeweza kuvuka kutoka mkono wa chuma hadi redio bila kupasuka. Hilo si jambo dogo, maana linaonyesha kwamba kiini cha dhana, yaani badiliko linalobeba habari, kimo ndani ya neno lenyewe. Bendera iliyosimama vilevile mwaka mzima haimwambii dereva lolote. Inayosema ni ile inayobadilika.

Ndiyo sababu matumizi ya mawimbi kwa maana ya ishara hayavumiliki katika tasnifu, ingawa yamezoeleka katika mazungumzo. Wimbi ni chombo; ishara ndiyo abiria. Wimbi la redio lisilobadilika kwa nguvu, kwa kasi ya mrudio wala kwa mkao wake ni chombo kitupu. Anayeandika "uchakataji wa mawimbi" anaonekana kushughulikia chombo, hali kazi yote ya taaluma hii ni kumtafuta abiria, kumtenganisha na kelele na kumfikisha akiwa mzima. Tena ishara nyingine hazina wimbi la redio kabisa: mapigo ya moyo kwenye kipimo cha hospitali, picha iliyogawanywa vidoa, au mtetemo wa ardhi. Istilahi ya mawimbi ingewafungia nje wanaochakata hizo.

Upo ugumu wa upande wa pili, nao unawahusu zaidi watahini wa idara za Kiswahili. Katika uhakiki wa fasihi ishara ni mali ya semiotiki: ina kiashiria na kiashiriwa, na mhakiki huulizwa inamaanisha nini. Claude Shannon, katika makala yake ya mwaka 1948 iliyoweka msingi wa nadharia ya mawasiliano, aliiweka maana kando makusudi. Kwake ujumbe ni uteuzi mmoja kati ya teuzi zinazowezekana, na kiasi cha habari hutegemea ugumu wa kuubashiri uteuzi huo. Salamu inayotarajiwa ina habari chache hata kama ina heshima nyingi. Mtahini aliyelelewa katika semiotiki anaweza kuiona fasili hiyo kuwa pungufu, na mhandisi anaweza kuiona semiotiki kuwa porojo. Wote wawili wanatumia neno moja kwa haki. Tasnifu inapaswa kueleza mgongano huo katika sura yake ya kwanza, kwa sababu usipoelezwa utajitokeza wenyewe kwenye utetezi, wakati ambapo mwanafunzi hana nafasi ya kuuandika.

Masafa

Hapa ndipo kasoro kubwa ilipo. Neno masafa lina asili ya Kiarabu na maana yake ya msingi ni umbali. Maana hiyo ingali hai: mbio za Marathoni ni mbio za masafa marefu, na kombora la masafa marefu ni lile linalofika mbali. Redio ilipoingia, watangazaji wakalitumia neno hilo kwa maana ya pili. Msikilizaji aliambiwa afungue "masafa mafupi, mita bendi 31", na hapo masafa yalikuwa urefu wa wimbi moja, meta 31 hivi. Baadaye, katika lugha ya usimamizi wa mawasiliano, neno hilo likapata maana ya tatu: masafa ya redio, rasilimali inayogawiwa kwa leseni na kuhesabiwa kwa megahezi, yaani idadi ya mirudio kwa sekunde.

Maana ya pili na ya tatu zinapingana kabisa. Urefu wa wimbi na idadi ya mirudio vikizidishwa hutoa kasi ya mwanga, kwa hiyo kimoja kikikua kingine hupungua. Mita bendi 31 ni karibu megahezi 9.7. Masafa mafupi ya mtangazaji ndiyo masafa ya juu ya mhandisi. Maana ya kwanza nayo inaingia kwenye fumbo hilo, maana ishara ya mrudio mkubwa, mambo mengine yakiwa sawa, hufika karibu zaidi: antena zikiwa za aina ileile, kuongeza mrudio maradufu hupunguza nguvu inayopokelewa hadi robo. Mwanafunzi anaweza basi kuandika, bila kukosea sarufi wala fizikia, kwamba masafa yakipanda, masafa hupungua, na masafa yakiwa mafupi, masafa huwa ya juu. Kila kishazi ni kweli. Msomaji asiyeijua taaluma hapati kitu, na aijuaye analazimika kutafsiri kimoyomoyo kwa Kiingereza ili aelewe Kiswahili chake mwenyewe.

Athari zake haziishii kwenye karatasi. Fundi aliyepanda mnara kwenye mteremko unaotazama Kingolwira akiambiwa kwa simu "punguza masafa", anaweza kuelewa kwamba abadilishe mrudio wa mtambo, au kwamba apunguze eneo linalofikiwa kwa kuinamisha antena. Tendo la kwanza linaweza kumwingiza katika mrudio wenye leseni ya mtu mwingine. La pili linaweza kukinyima huduma kitongoji kizima. Kwenye reli, ambako umbali na mrudio vyote ni sehemu ya mfumo wa usalama wa treni iliyosanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa, hakuna anayepaswa kuachiwa akisie.

Dawa ya kwanza inayofikirika ni kulitupa neno. Mrudio lingetosha kwa idadi kwa sekunde, urefu wa wimbi kwa kipimo cha meta, na umbali kwa umbali. Kwa usahihi na uangavu pendekezo hilo halina mpinzani, na katika uhakiki huu mrudio limetumika pale ambapo utata ungezidi. Lakini ukubalifu una nguvu zake. Masafa limeandikwa katika leseni na matangazo, na liko midomoni mwa kila mtangazaji anayetaja kituo chake. Tasnifu inayojitenga na lugha hiyo itakuwa safi na pweke.

Njia nyepesi zaidi imo katika vivumishi, nayo haijatiliwa maanani inavyostahili. Urefu hupimwa kwa -refu na -fupi. Idadi na viwango hupimwa kwa juu na chini. Kwa hiyo "masafa ya juu" hayawezi kuwa umbali wala urefu wa wimbi, na "masafa marefu" hayawezi kuwa mrudio. Tasnifu ikilitenga masafa kwa maana ya mrudio peke yake, ikayaambatisha na juu na chini tu, ikaacha -refu na -fupi kwa wimbi na umbali, utata mwingi unaondoka bila neno jipya hata moja. Kinachohitajika ni mtahini mwenye kalamu nyekundu. Akikuta "masafa mafupi" katika tasnifu ya mawasiliano, aulize kipimo chake ni meta au megahezi, na asikubali kuambiwa kwamba muktadha unajieleza.

King'amuzi na kisimbuzi

Ili isionekane kwamba lugha imeshindwa kila mahali, inafaa kutazama neno lililofaulu. Mitambo ya analojia ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa hatua, Watanzania walihitaji jina la kisanduku kilichowekwa pembeni ya runinga. Wakapata king'amuzi. Kitenzi ng'amua ni kutambua jambo lililokuwa limefichika, na kisanduku hicho hufanya kitu kinachofanana sana na hilo: hupokea mfululizo wa tarakimu usio na sura na kurudisha picha. Neno halikumtaka msemaji ajue uhandisi.

Kisimbuzi, lililokuja sambamba nalo, linampa mwanafunzi wa uzamili faida zaidi. Simba na simbua ni jozi ya kutenda na kutendua, kama funga na fungua, ziba na zibua. Kwa mnyambuliko mmoja lugha inaeleza sharti ambalo kitabu hulieleza kwa ukurasa mzima: kilichofanywa upande wa kutuma lazima kitenduliwe upande wa kupokea, kwa kanuni ileile. Kwa jina la bidhaa king'amuzi latosha. Katika sura ya nadharia kisimbuzi ndilo linalofaa, na utani wa wanafunzi kuhusu simba wa mbugani hauna budi kuvumiliwa. Kichujio nalo ni la aina hiyo hiyo. Aliyewahi kuchuja tui anajua kwamba uamuzi ni mmoja tu, kipi kipite na kipi kibaki, na hilo ndilo swali lote la usanifu wa vichujio.

Kukatakata na kufifia

Jambo lenye faida kubwa kuliko yote limo katika malalamiko ya kawaida ya watumiaji wa simu. Msemaji wa Kiswahili husema mtandao unafifia, na wakati mwingine husema unakatakata. Wanaotafsiri kutoka Kiingereza hukuta istilahi moja inayojumuisha hali zote mbili, kisha huifasiri kwa ufifiaji na kwenda zao. Baada ya hapo hulazimika kurudisha kwa vivumishi, ufifiaji wa haraka na ufifiaji wa polepole, tofauti ambayo lugha ilikuwa nayo tangu mwanzo.

Anayetembea kutoka barabara kuu ya Kingolwira kuelekea chini ya milima, ukingo wa mlima ukaingia kati yake na mnara, hupoteza nguvu ya ishara kidogo kidogo kwa makumi au mamia ya hatua. Hiyo ni kufifia. Mlima umeweka kivuli, na kivuli hakiondoki mpaka mtu atoke ndani yake. Mtu mwingine amesimama mahali wazi. Ishara inamfikia kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja: moja kwa moja kutoka mnarani, kwa kurudishwa na ubavu wa mlima, na kwa kurudishwa na bati la paa. Njia hizo zina urefu tofauti, hivyo mawimbi hufika yakisaidiana au yakiuana. Katika megahezi 900 urefu wa wimbi ni sentimita 33, na nusu yake, sentimita 17 hivi, haifiki hata shibiri moja. Hiyo shibiri isiyotimia inaweza kumtoa msemaji kwenye sauti safi na kumtia kwenye ukimya. Hiyo ni kukatakata, na urudufishaji wa kitenzi unaeleza kile hasa kinachopimwa: tukio fupi linalojirudia.

Mwendo unaongeza kipimo cha wakati. Anayetembea kilomita 5 kwa saa hubadilisha masafa ya ishara yake kwa hezi 4 hivi. Abiria wa treni iendayo kilomita 160 kwa saa huyabadilisha kwa hezi 133, na huvuka nusu ya urefu wa wimbi zaidi ya mara 260 katika sekunde moja. Mpokeaji anayekadiria hali ya njia mara chache kuliko hapo atakuwa anarekebisha ishara kwa taarifa zilizochakaa. Swali hili la kukadiria njia inayobadilika haraka ni la kiwango cha uzamivu, na linaweza kuulizwa kwa Kiswahili bila kuazima neno lolote ila vipimo. Kwa hiyo pendekezo la uhakiki huu ni kwamba ufifiaji litumike kwa athari ya kivuli peke yake, na ukatikaji, kutokana na katika, kwa athari ya njia nyingi. Ukatakataji lingekuwa sahihi zaidi, ila ulimi wa mtahini nao una haki zake.

Sampuli na awamu

Maneno mawili yamebaki, na uzito wake haulingani. La kwanza ni sampuli. Katika tasnifu nyingi za Kiswahili usampulishaji ni kipengele cha sura ya tatu: nasibu, lengwa, au wa mpira wa theluji. Katika uchakataji wa ishara ni kupima thamani ya ishara kwa vipindi sawa vya wakati. Sauti ya simu huchukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde, kwa sababu hukatwa isizidi hezi 3,400, na Nyquist na Shannon walishaonyesha kwamba idadi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo. Mtahini anayeuliza watafitiwa hao 8,000 walipatikanaje hajakosea sana. Amesoma sura ya nne kwa macho ya sura ya tatu. "Sampuli za wakati" linatosha kuondoa utata huo. Ukato wa hezi 3,400 nao una jambo la kumhusu mwanaisimu: nguvu kubwa ya sauti s iko juu ya mpaka huo, ndiyo maana katika simu ya kawaida thamani na samani hutofautishwa na sentensi kuliko na sikio.

La pili ni awamu, linalopendekezwa mara kwa mara kwa maana ya mkao wa wimbi ndani ya mzunguko wake. Awamu katika Kiswahili cha Tanzania ni kipindi kinachopita na kumwachia nafasi mwenzake: awamu ya pili ya mradi, Serikali ya awamu ya sita. Mkao wa wimbi haupiti kwa namna hiyo. Ni pembe, hupimwa kwa digrii, na hurejea palepale baada ya digrii 360. Kusema kwamba ishara mbili zinazofika Kingolwira zimetofautiana kwa nusu awamu ni kumpeleka msomaji kwenye kalenda. Mafundi wa umeme wana fezi, ambayo ni ya mkopo na haina uangavu kwa asiye fundi, lakini haidanganyi. Pembe ya wimbi ina uangavu, ila ni ndefu kwa istilahi itakayojirudia mara mia katika sura moja. Kati ya hizo mbili, fezi inastahili kuingia katika tasnifu, pamoja na fasili ya pembe ya wimbi pale inapotajwa kwa mara ya kwanza. Mtahini atakayeona kwamba huo ni Kiingereza kilichovalishwa irabu atazame waya zinazotoka Kinyerezi, awaulize mafundi wanaozihudumia wanaziitaje zile tatu.